Kaburi la Kaka Leonsi na Njia ya Viboko

Ukitaka kujua kama kiboko amepita leo asubuhi au juzi, usianze kwa kuinama kutafuta nyayo. Tazama vichaka vya pembeni. Kiboko akinya hutumia mkia kurusha mavi huku na huku, na majani ya njiani yote hupakwa. Mavi yakiwa mabichi na nzi wamejaa, rudi ulikotoka pamoja na mgeni wako, na usimweleze sababu mpaka mfike mahali pa wazi. Yakiwa makavu, endelea, ila usijisifu.

Naanza na mavi kwa makusudi. Nyie vijana mliopokea kikundi chetu mna fulana, mna darubini, mna kundi la kwenye simu mnakotumiana picha. Mmeniingiza na mimi humo, ingawa sasa naishi hapa Mpanda, Kashaulili, kwa binti yangu, tangu magoti yaliponigomea. Kila asubuhi simu inalia, naangalia picha zenu, na mara nyingi nataka kuwakaripia kwa sababu mmesimama karibu mno. Mmeniomba niwaandikie nilichojifunza katika miaka ya kujitolea pale ghubani. Nitaandika ninavyokumbuka, na ninavyokumbuka hakuna mpangilio.

Kwa mliojiunga juzi juzi: ghuba yetu ni kipande cha Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya Karema, ambacho kijiji kilikubaliana kisivuliwe, na ukingo wake usilimwe. Samaki wazaliane, viboko walale, ndege watue, wageni waje kutazama na warudi kwao wazima. Kijiji kilitupa baraka, mshahara hakutupa mtu. Tulikuwa wavuvi, wakulima wa mpunga na muhogo, na mfugaji mmoja. Tulifyeka njia, tukafunga madumu ya njano majini kuonyesha mpaka, tukakamata nyavu za kokoro, tukaongoza wageni. Aliyeanzisha yote ni kaka yangu wa tumbo moja, Leonsi.

Leonsi alikuwa mvuvi kabla ya hapo, na hakuwa mtu wa maneno. Ukifuatana naye njiani akisimama ghafla, na wewe unasimama, hata kama mguu wako bado uko hewani. Alikuwa na uwezo wa kutusimamisha kwenye nyasi, jua la mchana linatuchoma utosi, ili kenge mmoja amalize kuvuka. Ukimuuliza tunasubiri nini, anakuonyesha kenge kwa kidevu. Mimi nilikuwa na haraka ya kuzaliwa nayo, na nadhani alinichukua kikundini ili aniponye ugonjwa huo. Hakuniponya.

Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga madumu. Msitumie jiwe moja kama nanga, tumieni mfuko wa mawe madogo, maana jiwe moja hubingirika. Na kamba ipimwe vizuri. Ikiwa fupi, ziwa likipanda dumu linazama. Ikiwa ndefu mno, dumu linatembea na upepo, na mpaka nao unatembea, na mvuvi mjanja anatembea nao. Tuliwahi kumkamata mmoja akiapa kwa jina la mama yake kwamba yuko nje ya mpaka, na kweli alikuwa nje, kwa sababu dumu letu lilikuwa limemfuata upande wa nchi kavu. Tulimwachia aende, tukarudi kupima kamba.

Siku moja Leonsi alinilaza kifudifudi juu ya mwamba, akanionyesha kuhe wawili, dume na jike, wakizunguka watoto wao chini ya maji. Akaniambia samaki wale hawali kitu wakati wa kulinda watoto, wanakonda hadi wengine wanakufa. Nikamwambia basi wanafanana na wanakikundi. Alicheka mpaka kuhe wakakimbia, na ndiyo siku pekee niliyomwona akimfukuza mnyama.

Sasa nije kwa Mama Tekla, mke wake, ambaye kwangu ni wifi. Mama Tekla hakuipenda kazi yetu hata siku moja, na hakuficha. Alisema mbele yetu sote kwamba mume wake anawapisha viboko, mamba na kenge, ila yeye mkewe hajawahi kupishwa hata mlangoni. Wa kwanza kucheka alikuwa Leonsi mwenyewe. Lakini tukirudi kwenye doria tumelowa, ugali tuliokula ulikuwa wa Mama Tekla, na aliusonga huku akitutukana. Shamba lao la muhogo lilikuwa juu ya ghuba, kwenye upenyo kati ya ile miamba miwili mikubwa mnayoijua.

Na Masanja je? Mmemkuta tayari ni mzee wa heshima, kwa hiyo hamjui. Masanja ni Msukuma aliyekuja kwetu kijana, na ng'ombe wa baba yake kutoka kaskazini, akaoa, akabaki. Tulipojenga lile banda la kwanza la wageni, mmoja wetu alikuwa ameona nyumba ya wageni huku Mpanda yenye majani mafupi ya kijani mbele, akasema na sisi tupande. Tukapanda ukoka, tukaumwagilia kiangazi kizima kwa zamu. Ulipendeza kweli. Ajabu yake, haukurefuka. Kila tukifika tunakuta umekatwa vizuri, usawa mmoja, na kila mtu akadhani mwenzake ndiye aliyefyeka. Kwenye kikao Leonsi akamshukuru aliyeifanya kazi ile bila kujitangaza. Masanja akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu asiyependa sifa, na sisi tukampigia makofi.

Wiki ileile tukakuta ukuta wa banda umepakwa mavi kuanzia chini mpaka dirishani. Viboko walikuwa wanakuja kula. Tulikuwa tumewapandia malisho, tukayamwagilia, kisha tukawakaribisha watu wakae katikati yake. Tuliung'oa ukoka wote siku hiyohiyo, na Masanja tukambandika jina la Fundi Majani. Mcheke, lakini mshike: wakati wa kiangazi, mbele ya banda la wageni pasiwe na kitu kibichi. Pafagiwe, pawe pakavu, hata kama mgeni atasema pamekosa urembo.

Kaka Leonsi alikufa kwa ugonjwa wa moyo, kitandani kwake. Nasema hivi kwa sababu wageni hupenda kusikia aliuawa na kiboko, na nimesikia baadhi yenu mnawaambia hivyo ili safari inoge. Acheni. Tulimzika kwenye shamba lake, pale upenyoni, mahali alipopenda kukaa kwa sababu ghuba yote inaonekana. Masanja na ukoo wetu walikuwa wametaniana miaka mingi, kwa hiyo msibani alifanya kazi ya mtani. Alishuka kaburini, akakaa chini, akasema hatoki mpaka marehemu amrudishie kofia aliyoazima. Watu waliokuwa wanalia wakacheka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Kaburi lilikuwa la udongo, limezungushiwa mawe, na msalaba wa mninga alioupasua mwenyewe Masanja.

Halafu ziwa likapanda. Nyie wenyewe mliliona, hata kama mlikuwa wadogo. Lilimeza gati la mitumbwi, likameza miti ya ukingoni, likaingia nyumba za watu wa chini, na banda letu la wageni likabaki paa tu, ndege wakakaa juu yake. Madumu yote yalizama. Lakini kilichotusumbua zaidi hatukukifikiria mapema: njia ya zamani ya viboko, ile waliyopandia kwenda kula majani bondeni, ilikuwa chini ya maji, na mbele yake umebaki mwamba mtupu. Kiboko hawezi kupanda mwamba. Ni lazima ale, na ni lazima apate njia.

Njia zilikuwa mbili tu. Moja ni pale chini kwenye pampu, ambako kina mama wanachota maji na watoto wanapita kwenda shule. Ya pili ni ule upenyo wa shamba la Leonsi.

Mwanzo walichagua upenyo. Asubuhi moja Mama Tekla alikwenda kuchimba muhogo, akakuta msalaba umevunjika vipande viwili, mawe yametawanyika, na kaburi limekanyagwa mpaka limekuwa sawa na ardhi. Nilipofika alikuwa ameketi chini anakusanya mawe kwenye upande wa kanga yake. Hakulia, na hakunitazama. Siku iliyofuata aliwaita wanawe wakakata magogo, wakauziba upenyo wote kutoka mwamba hadi mwamba. Hakuna mwanakikundi aliyethubutu kumwambia neno. Mimi mwenyewe nilibeba gogo, maana yule alikuwa kaka yangu.

Viboko wakahamia kwenye pampu.

Mnajua sheria ya kwanza ya kazi yetu: mnyama huyu usimkatie maji. Akiwa nchi kavu na wewe umesimama kati yake na ziwa, hatafuti ugomvi, anatafuta maji, na wewe uko njiani. Jirani yetu Anastazia alikwenda kuchota maji kumepambazuka, kiboko mmoja akawa amechelewa kurudi. Anastazia alitupa ndoo, akajirusha pembeni, kiboko akapita. Alimgusa tu kwa ubavu, na kule kugusa kulimvunja mkono na mbavu. Tulimbeba kwa machela ya kanga mpaka kwenye gari.

Kikao cha kijiji kilijaa. Vijana walitaka viboko wauawe. Wengine walisema watu wa wanyamapori wakija na bunduki, hawatamchagua yule mmoja, na wageni hawatakuja tena kutazama maji matupu. Masanja akasema jambo lililokuwa wazi kwa wote: tukiziba pale pampu kwa mtaro na miiba, na tukifungua upenyo, viboko watarudi upenyoni na watu watachota maji kwa amani. Kisha akaketi, kwa sababu alijua amesema likanyagwe kaburi la rafiki yake. Mtu mmoja akashauri kaburi lizungushiwe uzio. Upenyo ule ni mwembamba, na kaburi liko katikati. Uzio wa kaburi ni uzio wa njia.

Wazee wakanigeukia. Kwetu mambo ya kaburi ni ya ukoo, na katika ukoo shangazi ana neno zito. Wakasema nikitamka mimi, mjane atafuata. Sitawaficha, nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Kuwakasirikia viboko ni upuuzi. Ziwa halisikii. Niliwaambia neno langu ni hili, kwamba sitatamka chochote mbele ya mwenye mume wake, na mtu asiguse gogo hata moja. Mpaka hapo tutakapojua la kufanya, wanakikundi tutalinda pampu kwa zamu, kwa debe na filimbi, kina mama wasichote peke yao.

Tulilinda. Ni kazi ya kuchosha, na haiwezi kuwa ya milele, maana debe likizoeleka kiboko halijali tena. Nikitoka zamu nilipitia kwa Mama Tekla, nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya muhogo. Habari ya kaburi hatukuigusa. Tuliongea mvua, tukaongea wajukuu, tukasengenya watu wawili watatu wanaostahili. Vijana wa kikundi walinilaumu kwamba napoteza muda. Nilimkumbuka Leonsi na kenge wake, nikaendelea kumenya.

Asubuhi moja sikumkuta nyumbani. Alikuwa amepakia unga na samaki wakavu, amekwenda kumwona Anastazia, aliyekuwa amerudi kutoka hospitali. Alikaa huko mpaka mchana. Aliporudi aliniona nimekaa kibarazani, akatua beseni, akakaa karibu yangu.

"Wifi," akasema, "yule mama analishwa na mtoto wake. Hawezi hata kujifunga kanga."

Nikamwambia najua.

"Hajanilaumu. Nilitaka anilaumu, amekataa." Akalisogeza beseni kwa mguu. "Nilimgombeza kaka yako miaka yote kwa ajili ya hawa wanyama. Nikimwambia utawapisha mpaka lini, yeye anacheka. Sasa ningemuuliza tufanye nini, na hawezi kujibu. Wewe umezaliwa naye. Mimi nimelala naye. Sisi wawili tukikubaliana, nani mwingine ana neno?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi tukamwondoe. Lakini mimi ndiye nitakayembeba."

Nililia pale kibarazani, mimi niliyekwenda kumfariji. Yeye alinyanyuka akaenda kuwasha moto.

Kibali tulikipata, na katekista akaja. Waliochimba ni wanakikundi wenyewe. Masanja alishuka wa kwanza, kama inavyompasa mtani, akaanza vizuri tu. Akasema, "Leonsi, amka mzee, wageni wako wamefika," halafu sauti ikakata. Akaendelea kuchimba huku machozi yanamtoka. Kwa siku ile hakuna aliyewahi kumtania, hata mimi, na mnajua mimi simwachi.

Tulichokiona shimoni sitawaeleza. Kaka yangu alikuwa mtu mrefu, na mzigo ulikuwa mdogo. Tuliufunga kwenye shuka jipya alilonunua Mama Tekla, akaupokea mikononi mwake kutoka kwa Masanja, na akaubeba mwenyewe mpaka kwenye makaburi ya kanisa. Wanawe walijaribu kumpokea, akakataa. Mimi nilitangulia mbele na msalaba mpya. Watu tuliokutana nao njiani walishuka baiskeli, wakasimama kando mpaka tukapita.

Kesho yake tuliondoa magogo, tukachimba mtaro kule kwenye pampu na kupanda minyaa kando yake. Kama mnaona minyaa ile imekuwa ukuta leo, ipogoeni juu, msiikate chini. Viboko waliuonja upenyo kwa wasiwasi, wakarudi nyuma, wakaonja tena. Baada ya muda waliushika. Ndiyo ile njia mnayoijua, yenye mifereji miwili na tuta katikati, kwa sababu miguu yao hukaa mbalimbali na tumbo hupita juu. Kaburi lilipokuwa tulilifukia, lakini udongo uliofukiwa hushuka mvua zikinyesha, na pale pamebonyea kidogo. Hatukuweka alama. Alama gani ingedumu pale?

Mama Tekla hakukanyaga upenyo ule masika yote. Shamba alilihamishia upande wa pili wa mwamba. Sisi tulijenga banda jipya la wageni juu zaidi, na kikundi kikaendelea. Siku moja, Jumamosi, wageni walikuja wengi kutoka Mpanda na waongozaji tulikuwa wachache. Mama Tekla akaja na fimbo yake, akaniambia atasimama na kundi moja pale upenyoni, kwa kuwa anapafahamu. Nilimpa kundi, nami nikafuata nyuma na kundi langu.

Alikuwa mwongozaji mbaya kwa kuanzia. Aliwakaripia wageni kwa kuongea, akamwambia mama mmoja viatu vyake ni vya harusini. Lakini walimsikiliza. Walipofika juu, bwana mmoja mwenye kamera kubwa alitafuta mahali pa kupigia picha ghuba yote na viboko wake chini. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, mpaka akapata. Alisimama palepale palipobonyea.

Nilikuwa hatua chache nyuma yao. Nilitaka kupiga kelele. Mama Tekla alimtazama yule bwana, akatazama viatu vyake, kisha akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba, naomba usogee. Hapo ni njia yao."

Yule bwana akaomba radhi, akasogea kando. Nilisubiri Mama Tekla amweleze ni nani aliyekuwa amelala pale. Hakumweleza. Aliegemea fimbo yake, akainama taratibu juu ya mfereji mmoja wa ile njia, akazitazama nyayo, kisha akageuka kunitafuta.

"Wifi," akaniita, "njoo uone. Na mtoto amepita."